Nati za Upande wa Kushoto

Ting. Kitu kidogo kilidondoka sakafuni upande wa kitanda cha mwanangu, kikabingirika, kikagonga mguu wa kabati na kutulia. Nje bado kulikuwa giza, ile alfajiri ambayo mtu husikia hata mende akipita. Mume wangu aliguna, akageukia ukutani. Mimi niliteremka, nikapapasa saruji kwa kiganja mpaka nikakipata. Kilikuwa cha baridi, kizito kuliko ukubwa wake, na sikuhitaji taa kujua kwamba ni nati ya gurudumu la gari la baba. Lakini nati ile haikuwa na tundu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha bolti, na pale kilipoishia palikuwa pamekatika, panakwaruza kidole kama jino lililovunjika.

Nilikaa palepale sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto.

Bolti ya gurudumu haikatiki kwa kuguswa. Haikatiki kwa kutu kidogo, wala kwa mtoto wa miaka mitano kuichezea. Ili ikatike lazima mtu mzima aielemee kwa uzito wake wote. Na usiku uliopita, nilipotoka darasani, nilikuta nyumba imelala mapema isivyo kawaida. Mama yangu, ambaye kila Jumanne huningojea na sahani yangu imefunikwa ili tu aniulize nimefundishwa nini, alikuwa amejifungia chumbani. Nikadhani kachoka. Kumbe.

Nilichukua tochi, nikaenda bandani.

Gari lilikuwa limeinuliwa upande mmoja, limesimama kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Jeki ilikuwa bado chini yake, tena ilikuwa imewekwa mahali pabaya kuliko pote: chini ya sakafu, penye kiraka cha bati nilichokichomelea mwezi uliopita baada ya siku nne za kukwangua kutu. Kiraka kilikuwa kimebonyea kwa ndani kama sufuria iliyopigwa teke. Gurudumu la mbele la kushoto lina bolti nne. Tatu zilikuwa zimekatika. Kando yake, ukutani, limeegemezwa bomba la chuma la urefu wangu mwenyewe, lile ambalo mafundi huchomeka kwenye mpini wa spana wanapotaka nguvu ya watu wawili.

Ngoja niseme habari ya gari hili, maana bila hiyo mtu anaweza kudhani nalilia chuma tu.

Marehemu baba alikuwa mpima ardhi. Gari lilikuwa miguu yake. Ni saluni ya zamani, ya rangi ya chai yenye maziwa mengi, iliyoundwa kabla mimi sijazaliwa, ina usukani mwembamba kama bangili na taa mbili za mviringo zinazoifanya ionekane imeshtuka. Alipougua, aliliingiza bandani mwenyewe, akalifunika turubai, akasema atalitoa akipona. Hakupona. Likakaa humo miaka saba. Kuku wakataga mayai kwenye kiti cha nyuma, panya wakala nyaya, na kaka yangu mkubwa akawa kila akija anapiga teke tairi na kuuliza lini tutatoa hilo banda la kuku lililo ndani ya banda.

Kaka ana ofisi, ana tai, na ana mipango. Mpango wake wa safari hii ulikuwa kubomoa banda na kujenga vyumba vya maduka. Alikwishaongea na mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi, ambaye ninaishi hapohapo kwa mama, na mume wangu na binti yetu, katika vyumba viwili vya nyuma, niliomba nipewe gari. Kaka akacheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka. Mama akasema, mpe muda. Ndipo kaka akatoa masharti, kidole juu kama hakimu: ifikapo Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, saa sita mchana, gari litoke getini kwa nguvu ya injini yake, na kabla ya hapo mjomba, ndugu wa mama mwenye gereji, alikague aseme ni salama. Akisema ndiyo, langu. Akisema hapana, linapakiwa. Neno la mjomba ndilo la mwisho.

Nilikubali. Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri: nilikubali kupimwa na mtu ambaye alikwisha kunipima siku niliyozaliwa msichana.

Mwaka mmoja na miezi minane nimefanya kazi kwenye gari lile. Mchana kutwa ninafanya usafi kwenye zahanati. Jumanne na Alhamisi jioni ninakwenda darasa la ufundi magari, mwanamke mmoja na wanaume kumi na wanane, ambao wiki ya kwanza waliniita Shangazi na wiki ya sita wakaanza kuniita Mama Jeki. Pistoni zilikuwa zimeganda. Nikazimwagia oili na kuzisubiri wiki mbili, kila asubuhi nasukuma kidogo, kama unavyombembeleza mtoto kumeza dawa. Kabureta niliichemsha kwenye sufuria ya mama, kisha tukagombana na mama siku tatu juu ya sufuria. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu wa sindano na uzi, nyundo kwake ni kelele tu. Lakini alishona viti vyote upya, na kitambaa cha dari alikishona Jumapili tatu mfululizo, akiwa amelala chali ndani ya gari na pini kumi mdomoni.

Na binti yetu, ambaye tunamwita Swali kwa sababu hana kazi nyingine, alikuwa mtunza nati, na akiokota moja huenda nayo mpaka kitandani. Hajui kusoma. Kwa hiyo kila kopo nililichorea picha ya mahali nati zake zinapotoka, naye akazijua zote kuliko mimi. Nati za magurudumu ziligawanywa makopo mawili, mkono wa kulia na mkono wa kushoto, na ole wako uzichanganye.

Sababu ni hii. Mwenye kuunda gari lile, miaka hiyo, aliogopa kwamba magurudumu ya kushoto yakizunguka yatalegeza nati zake. Kwa hiyo upande wa kushoto alikata hesi kinyume, yaani ile mikunjo ya bolti inayoishika nati inazunguka upande mwingine. Kulia, nati hufungwa kama nati nyingine zote duniani. Kushoto unafunga kwa kuzungusha mkono wa kushoto, na unafungua kwa kuzungusha mkono wa kulia. Mimi nilisoma hayo kwenye kitabu cha gari alichokiacha baba, ukurasa mmoja kwa jioni mbili, kamusi mapajani. Asiyejua, akitaka kufungua, anakaza. Akiona haifunguki, anaongeza bomba. Akiongeza bomba, bolti inakatika.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya lile gurudumu alfajiri ile, nilikuwa nimekwisha kuyasoma yote yaliyotokea, na jina la mkono uliofanya.

Mama alinikuta nimechuchumaa. Alisimama mlangoni, akajikunyata. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kaka alikuja na mjomba jana alasiri, nikiwa kazini, eti wapate kuangalia breki mapema kusiwe na presha Jumamosi. Mjomba alihangaika na gurudumu lile mpaka jasho likamtoka. Bolti ya kwanza ilipokatika alisema imeoza. Ya pili ilipokatika alisema zote zimeoza. Ya tatu ilipokatika alisimama, akafuta mikono, akasema si kuoza, ni mwanao amekaza nati kama anafunga mlango wa benki. Akaongeza kwamba hii ndiyo shida ya kumwachia spana mtu asiye na kazi nayo.

"Na wewe mama ukanyamaza," nikasema.

"Ningesema nini? Mimi najua gari?"

"Unanijua mimi."

Alikwenda kuwasha jiko, nami nikasikia anavyopanga vikombe, polepole kuliko kawaida, akivipanga tena na tena.

Siku ileile, nilipotoka zahanati, nilipitia gereji ya mjomba. Nataka ieleweke kwamba nilikwenda kwa adabu. Nilimwamkia, akaitikia. Mjomba ni mtu mnene wa kupendeza, ana sauti ya kuimba na ovaroli yenye kalamu mbili mfukoni, na wateja wake humsikiliza kama daktari. Palikuwa na wanne siku hiyo, wamekalia matairi. Nilimwomba tuongee pembeni. Akasema pembeni kuna nini, hawa wote ni watu wake. Basi nikamwambia hapohapo, sauti chini, macho chini, kwamba nati za kushoto za gari lile hufunguka kinyume, kwamba pengine hakuwahi kukutana na gari la namna ile, kwamba si kosa lake kutojua, lakini ningeshukuru akimwambia kaka ukweli.

Akaniangalia kwa huruma. Huruma ndiyo iliyoniudhi.

"Mama Swali," akasema, "mimi nimefungua nati miaka thelathini na miwili. Nati ni nati. Haina kushoto wala kulia, haina shule ya jioni."

Wateja wakacheka. Mmoja akauliza kama gari hilo usukani wake nao huzungushwa kwa miguu. Nikakitoa kitabu mkobani, nikakifungua ukurasa wenyewe, nikamnyooshea. Hakukipokea. Alionyesha viganja vyake vyeusi vya grisi, kama mtu anayeogopa kukichafua, akasema waandishi wa kitabu hicho walisahau kumuuliza yeye. Wakacheka tena. Nilikirudisha kitabu mkobani, na zipu ikanishinda kufunga.

Najua kuna watu wakisikia hadithi hii watasema, kidogo hiki? Mtu kavunja bolti tatu, hajauawa mtu. Mimi nasema, mwombe mtu akuvunjie kitu chako, kisha asimame mbele ya watu akuambie umekivunja wewe, kisha watu wacheke, kisha umshukuru kwa muda wake kwa sababu ni mjomba. Halafu uje uniambie ni kidogo.

Kaka alinipigia simu kabla sijafika nyumbani. Habari zilikuwa zimemfikia kwa kasi. Aliniuliza kama ni kweli nimekwenda kumwita mjomba mwongo mbele ya wateja wake. Nikasema sikumwita mwongo, nilimwita asiyejua. Akasema ni mamoja. Akasema pia kwamba mnunuzi wa chakavu amethibitisha kuja Jumamosi asubuhi, na kwamba ningefanya vizuri kuvitoa vitambaa vya mume wangu kwenye viti, tusije kusema tumeibiwa.

Jioni ile mama alinishika mkono jikoni. Alikuwa na maneno yake tayari, nadhani aliyapanga pamoja na vile vikombe. Akanikumbusha kwamba siku tuliyomzika baba, kaka alipokuwa bado safarini, ni mjomba aliyesimama nasi tangu alfajiri mpaka udongo wa mwisho; kwamba yeye mama hana ndugu mwingine aliyebaki; kwamba maneno ya mpwa kwa mjomba yakishatoka hayarudi.

"Jumamosi usimjibu," akasema. "Akague, aseme atakalosema. Wewe usifungue kinywa. Niahidi."

"Na akisema uongo?"

"Niahidi, mwanangu."

Nilimwahidi. Nilikuwa na hasira ya kuweza kung'oa mlango, lakini aliyeniomba alikuwa mama, na macho yake yalikuwa yamevimba.

Sasa, kuahidi kunyamaza si kuahidi kukaa. Ilikuwa imebaki kupata bolti tatu zenye hesi kinyume, ndani ya siku tatu. Alhamisi niliomba ruhusa nitoke kazini mapema, nikazunguka maduka ya spea, mtaa wote, duka hadi duka, kipande kilichokatika kiko mkononi. Kijana wa duka la kwanza aliniambia nati za kurudi nyuma zimeisha, zimebaki za kwenda mbele. Wa pili aliniuliza nani kanidanganya. Wa tatu, mzee, alichukua kipande akakisogeza kwenye mwanga, akaona herufi ndogo iliyopigwa kichwani, alama ya kushoto. Kisha akasema hajaiona alama ile tangu akiwa kijana wa kubeba masanduku, na kwamba sitaipata popote. Lakini aliniita fundi. Alisema, pole fundi. Nilitoka pale nikiwa karibu kulia kwa neno moja.

Jioni nikaingia darasani nimechelewa. Mwalimu wetu ni mtu mfupi, mkali, ambaye hana mazoea ya kusifu. Sifa yake kubwa ni kutosema kitu. Nilimwonyesha kipande na kitabu. Alisoma ukurasa wote, akausoma tena. Halafu akawaambia wenzangu kumi na wanane wafunge madaftari, somo la leo limebadilika, akatuongoza kwenye mashine ya kukereza vyuma.

Alinifundisha kuigeuza ili kisu kikate kuelekea upande wa pili. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, akaniacha mimi nikate. Bolti ya kwanza niliiharibu. Hakusema kitu. Ya pili ilitoka. Ya tatu na ya nne zilitoka. Wenzangu walikuwa wamesongamana nyuma yangu, yule anayeniita Shangazi kwa utani hadi leo akinishikia kopo la maji ya kupoza, na nati ya zamani ilipopanda kwenye bolti mpya kwa kuzungushwa kushoto, laini, bila kukwama, watu wazima walipiga makofi. Nilizipeleka nyumbani ndani ya soksi, nimezikumbatia kifuani njia nzima.

Ijumaa, mara nilipofika kutoka zahanati, tulianza kazi. Nilinyoosha kiraka cha sakafu. Niligonga vipande vilivyokatika vikatoka, nikazipachika bolti mpya moja baada ya nyingine, mume wangu akishika tochi na kugeuza uso kila nyundo inapoanguka. Swali alikuwa na kopo lake la mkono wa kushoto. Alinipa nati moja moja, na ya mwisho aliomba aianzishe mwenyewe kwa vidole. Alianza kuizungusha kulia, ikakataa kushika. Akaitazama. Akaizungusha kushoto, ikaingia. Alicheka peke yake, kama mtu aliyeambiwa siri. Niliikaza kwa spana, nikashusha jeki, nikawasha injini. Ililalamika kidogo, ikawaka, ikatulia na ule mngurumo wake wa chini. Mume wangu alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Jumamosi, mnunuzi wa chakavu alikuwa getini kabla ya saa tatu. Lori lake lilikuwa limeziba njia, lenye mnyororo na vijana wawili juu. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kwa heshima kama nimemaliza kutoa vitu vyangu. Kaka alifika saa nne, na tai, Jumamosi. Mjomba alifika saa tano kasoro, ovaroli imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Nilimwamkia. Aliitikia, akanipigapiga begani, akasema hana kinyongo. Yeye. Hana kinyongo. Mama alikuwa ameweka kiti chake nje ya banda, amekaa wima, mikono mapajani, akiniangalia mimi tu.

Nikawasha gari. Liliwaka mara ya kwanza. Kaka alirudi nyuma hatua moja, na mnunuzi akasema alaa. Mama alijiziba mdomo. Mjomba alisikiliza, kichwa kimeinama, akasema injini hata mganga anaweza kuiamsha, maswali ni mengine. Akaniambia nizime. Nikazima.

Akalikagua. Alikanyaga breki, akatikisa usukani, akafungua boneti na kuifunga. Alipapasa viti, akamwambia mume wangu hapa umejitahidi, na mume wangu akasema asante, mzee, bila kumtazama. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa dereva, Swali amenishika gauni. Dakika zilikuwa zinapita na hakuna kosa alilolipata, na nilianza kupumua. Akaomba spana ya magurudumu. Akajaribu nati za kulia, mbele na nyuma. Zilikuwa zimekaza. Akaguna.

Akahamia kushoto.

Alichuchumaa mbele ya lile gurudumu, akaziona bolti mpya zinavyong'aa, na nilimwona akisita. Lakini aliivalisha nati spana, akazungusha kulia, kama mkono wake ulivyozoea miaka thelathini na miwili. Nati ikajongea.

"Mnaona?" akasema, bila kugeuka. "Imelegea."

Akavalisha ya pili. Kulia tena. Ikajongea. Akasema hii nayo. Ya tatu pia. Aliongea kwa masikitiko kabisa, kama daktari anayeleta habari za mgonjwa. Akamwambia kaka kwamba gurudumu hili lingechomoka hapohapo barabarani, na mtoto akiwa ndani. Mtoto akiwa ndani, alirudia. Akasema hana raha kusema, lakini yeye hawezi kuweka neno lake juu ya kazi kama hii.

Kaka hakuniangalia. Alimwinulia mnunuzi mkono. Vijana wakaruka kutoka kwenye lori, nikasikia mnyororo ukiburutwa kwenye kokoto.

Nilimwangalia mama. Mama alitikisa kichwa kidogo sana, hapana. Kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno mpaka yananiuma meno. Nilikuwa na kitabu, nilikuwa na vipande vilivyokatika, nilikuwa na mwalimu na mashahidi kumi na wanane, na nilikuwa na ahadi.

Labda mjomba angeishia hapo, na yangekuwa yamekwisha. Lakini ufundi ulimshika. Fundi haachi nati imelegea mbele ya watu, hata ya gari linalokwenda kuyeyushwa. Akasema, ngojeni angalau nimwonyeshe jinsi ya kukaza, siku nyingine ajue. Akaivalisha spana ile ya kwanza. Akazungusha kulia. Akazungusha tena. Mnunuzi alikuja akasimama nyuma yake, mikono kiunoni. Kaka naye akainama, kwa sababu kulikuwa na kitu hakiendi sawa na hata mtu wa tai aliweza kukiona: mjomba alikuwa anakaza, na nati ilikuwa inazidi kutoka nje. Akazungusha kwa nguvu zaidi, jasho kwenye paji. Mizunguko miwili. Mitatu. Nati ikafika mwisho wa bolti, ikamwangukia kiganjani.

Aliitazama. Kila mtu aliitazama. Vijana walisimama na mnyororo wao katikati ya uwanja, na mimi nikajiuma mdomo wa chini mpaka nikasikia ladha ya chumvi, maana hata sasa mama alikuwa hajaniruhusu.

Swali aliniachia gauni, akasogea mpaka ubavuni kwa mzee.

"Babu," akasema, "hivyo unafungua."